Mashine ya kupimia presha nyumbani: nimenunua mara mbili ndo nikaelewa

Niseme mapema, sijalipwa na mtu na kampuni sitaji, maana ya kwanza ilikua majanga na ya pili naipenda, nikitaja moja itabidi nitaje na nyingine alafu tuanze kutafutana. Naandika kwa sababu watu kama sita hivi wamenifuata pembeni wananiuliza ile mashine ya mama ni ipi na shilingi ngapi. Shilingi ngapi ntasema, ila bei ndo kitu cha mwisho kabisa cha kuuliza.

Ilivyoanza. Mama anakaa Muheza, ana miaka 63, mwaka jana alikuja Dar kwa harusi ya mdogo wangu, kichwa kikamuuma siku tatu mfululizo, sisi tukajua ni yale maspika ya kwenye singo. Tukampeleka kituo cha afya, nesi akapima, 168 kwa 98. Mama akasema "hii ya harusi hii, nikirudi kwangu itashuka yenyewe". Daktari alikua kijana mstaarabu, hakubishana nae, akamwambia mama pumzika hapo kwenye benchi, baada ya muda akampima tena ikasoma 162 kwa 96, akaandika vidonge, alafu akatuambia kama uwezo upo tutafute mashine, mama awe anapima nyumbani asubuhi na jioni wiki nzima, aandike kwenye daftari alete. Alisisitiza daftari. Sio kuja kusema "ilikua kama mia na arobaini na kitu hivi dokta".

Mi nikaenda Kariakoo kesho yake. Nikakuta ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono kama saa, ndogo, nzuri, inaongea na Kiingereza, elfu 35. Muuzaji kanifungia mwenyewe pale pale dukani nimesimama, jasho linanitoka, nimetoka kupigana vikumbo na mikokoteni, ikasoma 139 kwa 88, akaniambia "bro na wewe angalia". Nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Hata kibox sikusoma.

Mama akarudi nayo Muheza. Wiki ya kwanza ananipigia usiku sauti imebadilika, "mwanangu imeshuka hiyo, 97 kwa 58". Namuuliza unajisikiaje mama, anasema najisikia vizuri ila mashine inasema nimekwisha. Jirani yake mmoja mama mtu mzima akawa kashafika na soda na kijiko cha chumvi. Kwa bahati nikamwambia pima tena nikiwa hapa hapa kwenye simu, akapima, 171 kwa 102. Dakika haijapita hata tano! Jirani akatoa hukumu hapo hapo, huyu ana presha zote mbili, ya kupanda na ya kushuka, hizo dawa za hospitali ndo zinamchanganya, aache. Na mama akaacha kweli, siku nne, mi sijui.

Hapo ndo nilipoanza kusoma na kuuliza watu, na kwa kweli kuna mambo mawili matatu nilikua nayabeba kichwani toka utoto kumbe ni ovyo kabisa.

La kwanza ni hili la namba mbili. Kila kipimo kinatoa namba mbili, ya juu na ya chini. Ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa pale moyo unapojikamua, ya chini ni nguvu inayobaki moyo ukiwa umelegea kati ya pigo na pigo. Kwa hiyo KILA MTU ana ya juu na ya chini, hata mtoto. Sasa mtu akiambiwa na nesi "ya juu yako 150, ya chini 95" anatoka pale anawatangazia watu ana presha ya kupanda na ya kushuka kwa wakati mmoja. Hapana jamani, huyo zote zimepanda. Nimewauliza watu kazini kwetu, watu wana digrii zao, zaidi ya nusu walikua wanajua hivyo hivyo kama jirani wa mama. Nadhani ni lugha tu inatuchezea, juu na chini, kupanda na kushuka, vinafanana mno.

Kwa faida ya wasiojua, hospitali nyingi huku kwetu wanahesabu imepanda ikiwa ya juu imefika 140 au ya chini imefika 90, moja tu ikifika inatosha, na wanataka waione zaidi ya siku moja labda iwe mbaya sana. Ukipimia nyumbani kiwango kinashuka kidogo, 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani umetulia. Marekani wao toka 2017 wanaanzia 130 kwa 80, ndo maana ukigugo unakuta majibu mawili unachanganyikiwa. Na zile herufi mmHg kwenye kioo ni milimita za zebaki, zimebaki toka enzi za vile vipimo vya ukutani vyenye mrija, mkanda wa kufunga mkononi alikuja nao Muitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, alafu 1905 daktari wa Kirusi Korotkov akaonyesha jinsi ya kuweka kile kifaa cha masikioni cha daktari pale kwenye kiwiko na kusikiliza mdundo. Mashine zetu hizi za betri hazisikilizi mdundo, zinajaza upepo, zinaachia taratibu huku zinahisi mtetemo wa mshipa, alafu zinapiga hesabu. Zinahisi MTETEMO. Shikeni hilo, mtaona mbele kwa nini nimeandika kwa herufi kubwa.

Turudi kwenye kile kisaa. Nikaja Muheza mwenyewe wikiendi, nikamwambia mama hebu nionyeshe unavyopima. Kumbe ile ya 97 alikua amelala kitandani, mkono kauegemeza juu kwenye ubao wa kitanda, na ile ya 171 alikua amekaa kwenye stuli mkono unaning'inia usawa wa goti. Sasa mkono ukiwa juu ya moyo inasoma chini, ukiwa chini ya moyo inasoma juu, sentimita 10 tu zinakula kama 7 au 8 za kipimo, wewe piga mwenyewe kutoka ubao wa kitanda mpaka gotini. Kwa hiyo nikiwa mkweli sio mashine peke yake iliyokosea, ni sisi pia. Ila ndo hivyo, ya kifundoni inataka mkono uwekwe usawa wa moyo kila siku bila kukosea na mama yangu sio mtu wa hivyo. Na hata alipoweka vizuri, tuliipeleka zahanati ikashindanishwa na ya nesi, ya nesi 158 kwa 92, yetu 131 kwa 77. Nesi akaiangalia akaigeuza geuza akanirudishia bila kusema neno. Sasa hivi wanangu wanachezea, wanaipimia midoli presha.

NYOTA: moja, na hiyo moja ni ya rangi.

Ya pili nikanunua kwa akili. Nikaenda duka la vifaa tiba, sio la simu na chaja. Nikataka ya mkono wa juu, ya kufunga kwenye musuli juu ya kiwiko. Muuzaji alikua dada mmoja, swali lake la kwanza halikua bajeti, alisema "mgonjwa ana mkono wa ukubwa gani?" Nikabaki namwangalia. Akaniambia mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 mpaka 32, ukiwa mnene kuliko hapo mkanda unabana vibaya na mashine inasoma juu kuliko ukweli. Nikampigia mama, akachukua futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, 36. Watu wangapi wamenunua mashine na mkanda haukua wao! Mama zetu wengi wana mikono, tusidanganyane. Nikachukua yenye mkanda wa 22 mpaka 42, jumla laki moja na elfu 15, betri nne kubwa kama za saa ya ukutani ndani yake. Yule dada pia akaniambia kuna orodha kwenye mtandao ya mashine zilizofanyiwa majaribio zikaonekana zinasema kweli, inaitwa STRIDE BP, unaandika jina na namba ya modeli unaangalia. Nikaangalia pale pale, ikawepo. Kile kisaa nikijaribu kukitafuta hata kampuni yenyewe haimo, na kutokuwemo sio lazima iwe mbovu ila kwa pesa yako kwa nini ubahatishe.

Sasa uzuri wake. Kioo kikubwa, tarakimu kama za saa ya msikitini, mama anaona bila miwani. Kitufe kimoja tu cha kuanzia, hii ni muhimu kuliko mnavyodhani, ya mjomba wangu ina vitufe vitano na kila akipima anabadilisha tarehe. Inatunza vipimo vya nyuma kwa hiyo siku mama akisahau kuandika navikuta. Ina alama ya moyo inawaka kama mapigo hayaendi kwa mpangilio, kwa mama haijawahi ikawaka mara kwa mara, ikiwaka kila ukipima usiipuuze nenda nayo hospitali, moyo wenye mapigo ya kuruka ruka pia unazifanya hizi mashine zikosee. Kulikua na nyingine yenye Bluetooth na apu ya simu, bei imeizidi hii kwa elfu 60. Achaneni nayo kama anayepima ana simu ya tochi.

Ubaya. Mkanda mgumu kumfunga mtu mwenyewe kwa mkono mmoja, mwezi wa kwanza alikua anafungwa na mjukuu. Inabana sana mwanzoni, mama alipiga kelele siku ya kwanza "inanikata!" Na betri zikikaribia kuisha inaanza kuchelewa na kurudia kujaza upepo, sisi tukajua imekufa. Basi, sina lingine.

Ila jamani mashine nzuri bila kujua kupima ni kama kununua jiko la gesi ukawashia juu yake kuni. Ngoja niwape siku ya kwanza ilivyokua. Mama katoka kuchota maji bombani, kakaa kwenye mkeka miguu kaikunja, gauni la mikono mirefu kakunja mkono mpaka begani imekaza kama kamba, chai ya rangi pembeni anakunywa, nafunga mkanda nabonyeza. Upepo unajaa.

"Hivi yule mtoto wa shangazi yako aliolewa?"

"Mama usiongee."

"Siongei. Nauliza tu."

"Mama."

"Haya nimenyamaza. Lakini aliolewa?"

164 kwa 97. Nikamwambia sawa, tuanze upya. Nikamtoa kwenye mkeka nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini haijapishana, akaenda kukojoa kwanza (kibofu kikijaa nacho kinapandisha, nilikua sijui), akavua lile gauni akajifunga kanga mkono ukabaki wazi, mkono nikauweka juu ya meza na mto chini yake mpaka mkanda ukawa usawa wa moyo, chai tukaiondoa, kikawaida inatakiwa nusu saa bila chai wala kahawa wala sigara wala kazi ngumu, kwa hiyo tukasubiri nusu saa kweli, na zile dakika tano za mwisho kimya. Kimya cha mama yangu dakika tano, wanaomjua wanajua hiyo kazi. Nikabonyeza. 147 kwa 88. Nikasubiri dakika moja nikarudia, 144 kwa 87. Mtu yule yule, mashine ile ile, asubuhi ile ile, tofauti ya 20! Kuongea peke yake kunatetemesha kila kitu na presha yenyewe inapanda kweli ukiongea.

Akapima hivyo siku saba, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kula, mara mbili mbili. Daktari alichofanya akafuta siku ya kwanza yote kwa kalamu, akasema siku ya kwanza watu huwa na kiherehere, akapiga wastani wa zilizobaki ikaja 143 kwa 86. Akasema dawa inafanya kazi ila haijafika, akaongeza. Alafu akauliza na habari ya chumvi, mama akasema mi situmii chumvi, mi najua anaweka chumvi, anaweka na vile vidonge vya mchuzi viwili, na dagaa wenyewe wana chumvi toka huko walikotoka. Kiwango cha WHO ni chini ya gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai hakijajaa na hapo ni kila kitu cha siku nzima. Mama aliposikia alicheka kabisa.

Sasa hii ya kushuka, maana wengi walionifuata wana hiyo. Kuwa chini ya 90 kwa 60 ndo watu wanaita imeshuka, ila kama unajisikia vizuri na umeumbwa hivyo mara nyingi hakuna ugonjwa hapo, wapo wadada wembamba wanaishi na namba kama hizo maisha yao yote. Shida ni kama unaona kizunguzungu, macho yanaingia giza, unaanguka, au imeshuka ghafla, hapo kuna sababu nyuma yake, kuharisha, kutapika, damu imetoka, mimba, dawa, moyo wenyewe. Sisi huku tunachanganya na upungufu wa damu. Ni vitu viwili! Upungufu wa damu unapimwa kwa kutoa damu, huu mkanda hauwezi kukuambia. Kuna dada kazini akiona kizunguzungu anakunywa juisi ya rozela "apandishe", nikaja kusoma kwamba rozela kwenye tafiti inaelekea KUSHUSHA presha kidogo. Nikamwambia, hakufurahi.

Kwa mama mashine ilitusaidia kwenye hiyo pia na hapa ndo niliona pesa yangu imerudi. Mwezi wa tatu baada ya kuongezewa dawa, ambayo ni ya kukojoza, akapata kuharisha siku mbili, akawa akiinuka kutoka kwenye kiti anashika ukuta. Jirani na soda yake akawa njiani. Mdogo wangu akampima amekaa, 126 kwa 76, kila mtu akasema mbona nzuri. Nikasema mpimeni amesimama, mumshikilie, asimame kama dakika moja mpaka tatu mkono uegemezwe usawa wa moyo. 101 kwa 64. Ukisimama ya juu ikidondoka 20 au zaidi, au ya chini 10, hiyo ndo inaitwa kushuka kwa kusimama, na wazee inawaangusha wanavunjika nyonga. Tukampigia daktari ile ile siku na namba zetu mkononi, hatukuacha dawa kwa kujiamulia, yeye ndo akasema ipi isimame kwa muda na anywe maji ya chumvichumvi ya dukani yale ya kuharisha mpaka lini, akarudi baada ya siku tano akapangwa upya. Bila namba tungesema "mama anaona kizunguzungu" na kila mtu angemtibu kivyake.

Na upande wa pili, ikisoma 180 kwa 120 au zaidi usianze kulia, tulia dakika kadhaa rudia. Ikibaki hapo hapo na kuna maumivu ya kifua, pumzi inabana, mdomo umepinda, ulimi mzito, mkono au mguu umelegea, au mjamzito kichwa kinagonga na macho hayaoni vizuri, usiandike kwenye daftari, beba mtu hospitali. Hata hakuna dalili, siku ile ile aonwe. Na ile tabia ya kumwekea mtu kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ishuke haraka, iacheni, inaweza kuporomoka ghafla ubongo ukakosa damu. Mjamzito kwa ujumla ikifika 140 kwa 90 asisubiri wiki ya daftari, kifafa cha mimba hakina subira.

Alafu kuna wale wanaosema "mi sina haja na mashine, mi presha ikipanda naisikia". Unasikia nini? Mara nyingi haina dalili yoyote, mama yangu kichwa kilipona na ilikua bado 160. WHO walitoa hesabu mwaka 2021, watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 mpaka 79 wana presha ya kupanda duniani na karibu nusu yao hawajui. Hao karibu nusu wote wanasema wanaisikia.

Kama pesa hamna usikope kwa ajili ya hii, zahanati wanapima, na maduka mengi ya dawa wanapima kwa pesa kidogo au bure, ila mwambie muuzaji ukae kwanza upumue usipimwe umesimama kaunta kama mimi Kariakoo. Kama mna mzee wa presha nyumbani na ndugu watatu wanne mnaweza kuchanga, changeni, mkono wa juu, mkanda wa size yake, modeli iliyopo kwenye orodha, na mara moja kwa mwaka ipelekeni ishindanishwe na ya hospitali. Yetu juzi imesoma 134 kwa 82 ya nesi ikasoma 137 kwa 83, mi nimeridhika.

NYOTA: nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya mkanda, ile sehemu ya kunatisha inayolia krraa imeanza kuchoka baada ya miezi minane, ukijaa upepo inaachia, na sio mama peke yake anayeitumia, siku hizi jioni barazani wapo kina mama wanne watano wanasubiri zamu, yule wa soda akiwa wa kwanza kwenye foleni. Kama kuna anayejua wapi Tanga mjini wanauza mkanda peke yake wa 22 mpaka 42 anijuze, Dar nimeupata elfu 40 ila wanataka nichukue na mashine.